Harufu ya samaki kwenye boksi la mbao

Niseme kabisa mwanzoni, mi sio fundi umeme, mi ni mhasibu tu niliyejikuta nasimamia nyumba ya shangazi yangu Tanga kwa sababu ndugu wengine wote walikua na udhuru. Kwa hiyo ukiona neno la kifundi hapa ujue nimelipata kwa mzee mmoja aliyenisimamisha ukumbini karibu siku nne nikimshikia tochi na ngazi.

Nyumba yenyewe ipo Ngamiani, nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, uani jiko na choo, mbele baraza. Kajenga babu, na umeme kaingiza mwenyewe miaka ya 50, enzi hizo Tanga inakula umeme wa maporomoko ya Pangani, kile kituo cha zamani cha 1936, hata Hale bado haijajengwa (Hale ni 1964). Shangazi anapenda kusema nyumba yetu ilikua na taa wakati mtaa mzima wanawasha karabai. Sawa, sifa hiyo tumeirithi, ila tumerithi na nyaya zake.

Ukiingia tu ukumbini juu ya mlango kulia kulikua na boksi la mbao la fyuzi za umeme. Mvule ule wa zamani, mzito, limepigwa vanishi limeng'aa, lina mlango mdogo wa kioo kama kabati la dawa, ndani fyuzi za kauri nyeupe zimepangwa mistari miwili. Pembeni yake mein swichi ya chuma yenye mkono. Zuri kwa kweli. Wageni walikua wanaliuliza, na kuna mzungu mmoja aliwahi kutaka kulinunua shangazi akakataa, akasema ni kumbukumbu ya baba yake.

Sasa ile harufu. Ilianza kama mwaka mzima kabla sijaja, jioni ukikaa ukumbini unasikia harufu ya samaki. Sasa wewe niambie, Tanga, jioni, nyumba ina wapangaji wanne, nani atashangaa harufu ya samaki? Kila mtu alijua ni vibua vya mpangaji wa chumba cha pili. Mpangaji naye akajua ni mafuta ya shangazi. Ilifika mahali wakanuniana, yule dada akahamishia jiko lake la gesi mwisho kabisa wa ua ili asisemwe. Harufu haikuondoka. Inakuja saa moja usiku, inakaa mpaka saa tatu, inapotea.

Nilikuja likizo ya Idi nikakaa wiki, na siku ya tatu nikagundua kitu, siku hiyo hakuna aliyepika samaki nyumba nzima maana tulikua na biriani, na harufu ipo. Nikaifuata kama paka. Nikafika chini ya boksi. Nikaweka mkono kwenye mbao, aisee ina joto kama kikombe cha chai.

Ndo nikaja kuambiwa baadae kwamba zile plastiki ngumu za zamani za swichi na soketi, zikipata joto kupita kiasi zinatoa harufu ya samaki, wengine wanaisikia kama mkojo. Laiti mtu angetuambia hivo mwaka mmoja kabla, watu wasingekosana bure.

Nikazima mein swichi usiku uleule, wapangaji wakalalamika joto feni hazizunguki, shangazi akasema "mwanangu unakuza mambo, hilo boksi lina miaka sabini halijawahi kumdhuru mtu." Hapo binamu yangu akacheka peke yake. Yeye lilimdhuru. Nitaeleza.

Asubuhi nikaanza kutafuta fundi. Wa kwanza kijana, akaja na bisibisi mfuko wa nyuma, akafungua kioo akaangalia sekunde kumi akasema "hii shangazi tunabadilisha fyuzi hapa inaisha." Nikamuuliza leseni ya EWURA, ile mamlaka inayowapa mafundi umeme leseni, akasema anayo nyumbani. Nikamshukuru nikampa nauli. Sina ubaya nae, ila mtu aliyemaliza kazi kabla hajaona nyuma ya boksi siwezi kumpa nyumba.

Wa pili ndo mzee ninayemsema. Kastaafu, alifanya kazi viwandani miaka mingi, leseni yake kaiweka kwenye nailoni anaitoa kabla hujamuuliza. Nilimwita "mzee" siku zote nne na yeye akaniita "mama" ingawa mi ni mdogo kwa binti yake wa kwanza. Alichofanya cha kwanza hakugusa kitu. Aliuliza maswali. Taa zinafifia lini. Friji linapiga shoti? Nani anatumia pasi, saa ngapi. Bomba la maji mlibadilisha lini. Nikashangaa la bomba, nikajibu tu, "mwaka juzi tuliweka ya plastiki lile la chuma lilioza." Akatikisa kichwa akaandika kwenye kidaftari.

Kisha akasema kitu ambacho nadhani wengi hatukijui. Ukizima mein swichi, umeme bado upo kwenye zile nyaya zinazotoka mita kuja kwenye swichi. Na mita ina sili ya TANESCO, shirika la umeme, ambayo wewe hutakiwi kuikata hata kama fundi wako anajua kuliko wote. Kwa hiyo tukaenda ofisini tukaomba waje wakate kabisa kwenye nguzo, wakaja, ndo akapanda ngazi. Naisisitiza hii kwa sababu nimeona watu wanang'oa maboksi haya na kisu cha jikoni.

Tukalitoa boksi ukutani. Ndani zile nyaya zimeingia kwa nyuma, maana boksi lenyewe halina mgongo, mgongo wake ni ukuta. Na kwenye ukuta njia ya mchwa imepanda toka sakafuni, udongo mbichi kabisa, imeingia mpaka katikati ya nyaya. Mbao ya mvule mchwa haiwezi kirahisi, ila fundi wa babu aliweka vipande vya mbao laini kwa nyuma vya kushikilia misumari, hivyo vimeliwa vimebaki ganda. Kwa hiyo kila ukivuta mkono wa mein swichi boksi linatikisika kidogo, na likitikisika skrubu za nyaya zinalegea. Pembeni ya fyuzi moja mbao imekua nyeusi kama mkaa, eneo la ukubwa wa sarafu ya mia mbili, nikabonyeza na kucha ikamomonyoka.

Mzee akaniambia sogea uangalie vizuri. Akanipigia hesabu kwenye daftari langu mwenyewe la hesabu. Mpangaji wa kwanza ana pasi wati 1000. Wa pili ana ile hita ya koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo, 1500. Wa tatu jagi la umeme, 2000. Wote wanatumia saa moja usiku wakirudi kazini. Jumla 4500, gawa kwa volti 230, karibu amp 20. Vyote vinapita kwenye fyuzi moja iliyoandikwa 15. Hapo kwenye skrubu iliyolegea, chukulia kuna ukinzani wa omu 0.1 tu, kitu kidogo ambacho huwezi kukiona kwa macho. Joto la hapo ni umeme mara umeme mara ukinzani, yaani ishirini mara ishirini mara 0.1, ni wati 40. Akaniuliza unajua wati 40 ni nini? Ile pasi ya kulehemu ya fundi redio. Yaani tulikua na pasi ya kulehemu imewashwa masaa mawili kila usiku, imeegemezwa kwenye mbao, ndani ya kikabati kilichofungwa.

Nikauliza swali ambalo na wewe utauliza, kwa nini fyuzi haikukata? Sababu mbili. Kwanza fyuzi haioni skrubu iliyolegea. Yenyewe inahesabu umeme unaopita, na kiungo kibovu hakiongezi umeme, kinaongeza joto. Pili hata huo umeme uliozidi 15 isingeukata, maana ukifungua kile kikauri ndani waya wa fyuzi sio waya wa fyuzi. Ule wa amp 15 unatakiwa uwe mwembamba, milimita 0.5, kama uzi wa kushonea viatu. Wetu mtu kachomoa nyuzi za shaba kwenye kebo kasokota mara tatu. Hata ungechomelea geti pale usingekatika. Nani kafanya? Kila mtu alisema sio yeye, na mi nadhani ni wote kwa zamu.

Sasa kisa cha binamu. Miaka ya 90 taa ya chumba cha nyuma ilizima, akaenda kubadilisha balbu, swichi haiwashi kitu, akajua fyuzi imeungua umeme haupo, akaingiza kidole kwenye hoda, pale balbu inaposhikiliwa. Akarushwa toka kwenye stuli akavunjika mkono. Familia nzima tuliamini ni jini, maana umeme haupo unapigaje mtu? Ilipita miaka karibu thelathini mpaka mzee alipofungua boksi akacheka kwa huzuni. Wiring za zamani zile waliweka fyuzi kwenye laivu, waya unaoleta umeme, na fyuzi nyingine kwenye nyutro, waya unaourudisha, ndo maana mistari ilikua miwili. Ikiungua ya nyutro peke yake taa inazima, kila kitu kinaonekana kimekufa, lakini laivu iko palepale kwenye hoda inakusubiri uiguse. Siku hizi nyutro haiwekewi fyuzi ya namna hiyo. Nikampigia binamu simu hapohapo, akasema "kwa hiyo ile hela ya mganga nirudishiwe na nani?"

Nyaya zenyewe zilikua za mpira uliofunikwa kitambaa, nyekundu na nyeusi, ndani shaba imepakwa bati rangi ya fedha. Mzee anazijua kwa majina ya zamani ya inchi, tatu-ziro-ishirini-na-tisa za taa, saba-ziro-ishirini-na-tisa za soketi, yaani nyuzi tatu au saba zenye unene wa inchi 0.029 kila mmoja. Alizitaja kama mtu anayetaja wanafunzi wenzie. Ukizikunja mpira unakatika kama biskuti. Akapima na mega, ile mashine inayosukuma volti 500 kuona kama umeme unavuja kwenye ganda la waya, kiwango cha chini ni megaomu 1, sakiti ya taa ikasoma 0.2. Hapo hata shangazi ambaye hajui megaomu alielewa kwa kuangalia uso wa mzee.

Na bomba la maji, nikaelewa kwa nini aliuliza. Ethi ya nyumba nzima, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ilifungwa kwenye bomba la chuma lililoingia ardhini. Tulipoweka la plastiki fundi bomba alikata la zamani akauza skrepa, na ethi yetu ikaenda nayo. Mwaka na nusu nyumba ya watu kumi haina ethi na hakuna aliyejua, kwa sababu ethi ikikosekana taa zinawaka vilevile.

Basi nikamuuliza swali langu kubwa, maana shangazi alishaanza kulia lia boksi la baba lisitupwe. Nikasema mzee, kwani mbao hairuhusiwi kabisa? Akajibu, "Mbao haina kosa mama. Angalia nje." Nje kweli mita ya LUKU imefungwa kwenye ubao, na nyumba kibao mita zimekaa kwenye ubao. Akasema ubao wa kufungia kitu ambacho chenyewe kina boksi lake limefungwa pande zote, hilo halina tatizo. Tatizo ni pale mbao yenyewe inapokua ndo boksi, yaani viungo vya nyaya vimekaa wazi ndani ya mbao, kikitokea cheche au joto kinachokutana nacho cha kwanza ni kuni. Kanuni walizofundishwa wao ni za Waingereza, zile za IEE, chama cha wahandisi umeme wa huko, ambazo saivi zinaitwa BS 7671, na hizo zinataka kila kiungo cha waya kiwe ndani ya kitu kisichoshika moto kirahisi, kimefungwa, mtoto hawezi kuingiza kidole. Boksi letu halina mgongo, mlango unafunguliwa na mtoto wa darasa la pili, ukifungua unakuta shaba ya laivu inakutazama. Hapo ata lingekua la dhahabu lingefeli.

Akaongeza kitu kilichonifanya nifikirie. Hukohuko Uingereza toka Januari 2016 disi bodi ya nyumbani, yaani boksi la kugawa umeme, lazima iwe ya chuma, au ndani ya kitu kisichoungua, kwa sababu zile za plastiki nazo zilikua zinashika moto, na kisa kikubwa ni hikihiki, viungo vilivyolegea. Yaani mtu anayetoa mbao akaweka bodi ya plastiki ya bei rahisi na kufunga skrubu nusu nusu, kabadilisha kuni tu. Mi binafsi nilikua nishaenda dukani nikaona ya plastiki nzuri nyeupe. Nikaiacha nikanunua ya chuma.

Ila mzee hakua mtu wa kutisha watu, na hili nampenda nalo. Jirani yetu alivyosikia akaja mbio, nae ana raundi bloku za mbao, vile viduara nyuma ya swichi na hoda za dari, akauliza avunje nyumba nzima? Mzee akaenda akafungua mbili tatu, akaangalia kama mbao imebadilika rangi, akavuta waya kuona kama umeshika, akapima. Akamwambia kazi mpya huwezi kuifanya hivi, lakini kitu cha zamani ambacho ni kikavu, kimekaza, waya ni wa PVC na kimepimwa kikapita, hakikulazimishi ukeshe leo. Panga hela, badilisha vyumba viwili viwili, anza na jikoni. Na akamwambia kila mwezi apeleke pua yake karibu na swichi. Nusa. Jirani alidhani anataniwa.

Kuna jambo moja alikua mkali. Ndani ya boksi letu nyuma ya fyuzi kulikua na kipande cha kijivu kama kadibodi ngumu. Nilitaka kukikwaruza nione ni nini akanipiga mkono. Asbesto. Walikua wanaweka ili fyuzi ikilipuka mbao isiungue. Ukiivunja au kuitoboa vumbi lake ukilivuta linakaa kwenye mapafu miaka na miaka. Akailowesha maji, akavaa barakoa, akaitoa nzima, akaifunga kwenye nailoni mbili na kuiandika. Vijana wanatoboa haya maboksi na drili mchana kweupe bila hata kitambaa, naumia nikifikiria.

Kazi yote ilichukua siku nne na hela ambayo ilinifanya niahirishe kununua gari, sitaji kiasi maana mama yangu atasoma. Nyaya mpya nyumba nzima, kahawia na buluu na ile ya kijani yenye mstari wa njano. Bodi ya chuma, kila vyumba viwili na breka yao inayojikata umeme ukizidi, koili na pasi havipiti tena njia moja. Ethi rodi mpya uani karibu na mpapai ambapo ardhi haikauki. Na RCD ya miliamp 30, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja hata kidogo. TANESCO wakaja wakakagua wakarudisha umeme.

Boksi la babu tulilisafisha, tukalipulizia dawa ya mchwa, ile sehemu iliyoungua tukaiacha hivohivo. Lipo sebuleni kwa shangazi, anaweka ubani, risiti za LUKU na funguo za vyumba.

Wiki ya kwanza RCD ilikata mara sita. Wapangaji wakaanza, mara breka mbovu, mara fundi kawaibia, mara bora lile la zamani halikua linakata kata. Mzee akarudi, akachomoa vitu kimoja kimoja, ikabaki friji la shangazi. Umeme ulikua unavuja kwenye ganda lake la chuma. Na hapo ndo nikakumbuka kwamba sisi wote, toka watoto, tulifundishwa kwamba friji la shangazi hufungui bila kuvaa kandambili. Ilikua sheria ya nyumba kama kuvua viatu mlangoni, hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Friji limetengenezwa, nimelishika mwenyewe kwa mkono mtupu, miguu peku kwenye sakafu iliyolowa, huku mzee anaangalia kipimo chake. Nimekuja tena mwezi uliopita nikamkuta shangazi anataka maji ya baridi, kasimama mbele ya friji, anazitafuta kandambili kwa mguu chini ya meza.